Konokono Chini ya Bendera

Lile jiwe halikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu barua niliyoandikiwa baadaye ilidai nimeharibu mali ya shule, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Jiwe lilikuwa la msichana wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wangu wa darasa la tano pale Ujiji. Aliniazima siku ya Jumatano, nami nikamwahidi kwamba Jumatatu inayofuata ataondoka nalo kama alivyolileta. Niliahidi haraka haraka, kama walimu tunavyowaahidi watoto.

Lilikuwa la rangi ya majivu, kubwa kiasi cha maandazi mawili yaliyoshikana. Upande wa juu lilijaa konokono. Hawakuchorwa wala kuchongwa; walikuwa konokono wenyewe, wadogo kwa wakubwa, wengine wana miiba mgongoni kama wale wanaookotwa ufukweni hata leo, ila hawa wamegeuka mawe. Msichana alikuwa amevuka nalo kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, ndani ya boti iliyojaa watu, amelifunga katikati ya furushi la nguo. Baba yake, aliyekuwa mwalimu kama mimi, hakuvuka. Wakati watu wengine wanabeba sufuria na magodoro, mtoto huyu alibeba jiwe la baba yake, na shangazi yake aliyekuwa naye kwenye boti alinieleza kwamba alimgombeza njia nzima.

Ilikuwa ile miaka ambayo ziwa halikukaa wiki bila kutuletea watu. Wengine walishuka kwa miguu kutoka milima ya Burundi, wengine walikuja kwa boti usiku na mchana, na mji ukawa na lugha tatu katika foleni moja ya bomba la maji. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni. Nilizaliwa Lushoto, nikapangiwa kazi mwisho wa reli, nikashuka kwenye treni na begi moja na koti zito ambalo Kigoma hawakulielewa hata kidogo. Mwenye nyumba aliyenipa chumba Ujiji alinipokea kwa migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo, akaniuliza habari za nyumbani kana kwamba anawafahamu watu wetu. Hakuna aliyeniandika kwa penseli.

Penseli ninayoisema ni hii. Watoto wa wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini kwa ndugu zao walipokelewa shuleni kimyakimya, na Mwalimu Mkuu alinipa maelekezo kwamba wenyeji niwaandike kwenye daftari la mahudhurio kwa wino, na wale wengine kwa penseli, ili amri ikija wafutwe bila kuchafua daftari. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayekufundisha namna ya kutunza vitabu. Nilikuwa nao wanne. Niliwaandika kwa penseli kama nilivyoambiwa, lakini nilikandamiza kwa hasira mpaka ncha ikavunjika mara mbili. Huo ndio ulikuwa ubishi wangu wote mwaka ule wa kwanza, na naona haya kuuita ubishi.

Muhula wa pili tukafika kwenye somo la watu wa kale. Kitabu kilikuwa kimoja kwa madawati matatu, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa zamadamu, mtu wa mwanzo, kainama, kajaa manyoya, kashika rungu. Kitabu kilieleza kwamba mabaki yake yamepatikana kaskazini mwa nchi. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akaniuliza kama huku Kigoma hakukuwa na zamani. Nilimjibu kwamba ilikuwapo, ila haijaandikwa, nikaendelea kusoma. Jibu la kivivu lile. Mtoto amekuuliza kama kwao kuna kitu, wewe unamfungulia ukurasa unaofuata.

Siku hiyohiyo wakati wa mapumziko nikasikia kelele nyuma ya darasa. Walikuwa wamemzunguka yule msichana wa ng'ambo wanamwita zamadamu. Nywele zake hazikuwa zimenyolewa kama za wenzake, gauni lake lilikuwa moja la kila siku, na Kiswahili chake cha Kongo kilikuwa kinawachekesha tangu alipofika. Aliyeongoza kwaya hiyo ya matusi alikuwa kiranja wangu mwenyewe, msichana wa Ujiji mwenye sauti kali, mtoto wa muuza dagaa. Nilishika fimbo. Nilikuwa nimeshainua mkono nilipotambua kwamba neno wanalomtukana nalo nimewafundisha mimi saa moja iliyopita, na picha nimewaonyesha mimi. Nikairudisha fimbo juu ya kabati, nikakaa kwenye kiti changu na hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Jioni nilimsimulia jirani yangu, bwana samaki, mtumishi wa idara ya uvuvi aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache na kandambili zilizolika upande mmoja. Akaniambia niachane na kitabu, niwapeleke watoto Bangwe, kwenye mawe ya pwani ya ziwa, na yeye atakuja.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, watoto arobaini na kitu, wamebeba mihogo ya kuchemsha kwenye mifuko ya nailoni. Bwana samaki akatupandisha juu ya miamba mpaka mahali ambapo ziwa lilikuwa chini yetu kabisa, urefu wa nyumba mbili. Pale juu palikuwa na mawe meupe ya mviringo, na lililopasuka lilionyesha matabaka ndani kama kitunguu. Pembeni palikuwa na mengine yaliyojaa konokono. Akawaambia washike, walambe wakitaka, kisha akawauliza konokono wa majini wamefikaje huku juu.

Walibishana mpaka nikafurahi. Mmoja alisema wamebebwa na ndege. Mwingine akasema na wavuvi waliokuja kupika. Wawili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, walikubaliana kwamba ni gharika ya Nuhu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliwaona wale wawili wakikubaliana. Bwana samaki hakumcheka yeyote. Aliwaonyesha kwa kidole mstari wa mawe kama hayo ukienda mbali kandokando ya mlima, wote kimo kimoja, akawaambia ziwa lenyewe lilikuwa limesimama hapa, maelfu ya miaka kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote wanayemjua. Mawe yale ya kitunguu yalijengwa na viumbe wadogo wasioonekana, tabaka juu ya tabaka, majini. Konokono walikufa, wakafukiwa, wakagandamana, wakawa mawe. Akawapa neno lake, visukuku, nao wakalitafuna njia nzima ya kurudi.

Kisha akawaonyesha kitu ambacho sijakisahau. Kilikuwa kishimo katika jiwe, chenye umbo la konokono kamili, kila mzunguko unaonekana, lakini konokono hayumo. Akasema huyu mwenyewe ameyeyuka zamani, kilichobaki ni alama ya alipolala, na kwa mtu anayejua kusoma alama hiyo inatosha kabisa kuthibitisha kwamba alikuwapo. Watoto wakaingiza vidole mmoja mmoja.

Yule msichana alikuwa wa mwisho. Alikaa na kidole ndani ya kile kishimo muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao ng'ambo yapo kama hayo, na baba yake alikuwa nalo moja mezani darasani. Wenzake wakageuka kumtazama. Kiranja wangu akamuuliza liko wapi sasa.

Alilileta Jumatano. Alifungua kanga pole pole mbele ya darasa, akalisimamisha juu ya kiganja, akafundisha. Sina neno lingine. Alisimama kama baba yake alivyokuwa akisimama, nina hakika, mkono mmoja nyuma, akamuuliza mmoja baada ya mwingine anakisia jiwe lina umri gani, na kila aliyejibu alimwambia ongeza. Ongeza. Ongeza tena. Walipofika miaka elfu walishaishiwa namba. Akawaonyesha konokono mwenye miiba, na kiranja wangu akatoa mfukoni konokono wa sasa aliyemwokota ufukweni Ujiji, wakawaweka pamoja, na walikuwa sawasawa. Mmoja wa Kongo, amekufa zamani hizo. Mwingine wa kwetu, amekufa juzi. Tangu siku hiyo sikulisikia tena neno zamadamu likitumika kwa mtu.

Mkondo wa pili wa darasa la tano ulikuwa na kipindi cha historia Jumatatu, nami tamaa ikanishika. Nikamwomba aniachie jiwe mpaka siku hiyo. Alifikiri kwanza. Akaniambia, "Sawa, Mwalimu. Ila usiiweke chini. Baba hakuiwekaka chini."

Nikalitandikia kanga yangu juu ya meza. Mawe ya Bangwe, ambayo watoto walikuwa wameyabeba wenyewe, yalipangwa sakafuni kando ya ukuta, kila moja na karatasi yenye jina la aliyeliokota. Niliyatazama nikajiona mwalimu.

Alhamisi na Ijumaa sikuwapo. Nilikuwa mjini kwenye semina. Mada ya semina ilikuwa kutumia vitu vya mazingira yetu kama zana za kufundishia, na mtu akisema Mungu hana utani nitambishia. Siku mbili nzima nilikaa ukumbini nikinywa soda, mwezeshaji akitusihi tuwafundishe watoto kwa mawe, majani na udongo, nami nilinyoosha mkono nikajigamba mbele ya walimu wote kuhusu meza yangu.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo haieleweki. Shule ikitangaziwa mgeni, masomo yanasimama. Nyasi zinafyekwa, vyoo vinamwagiwa maji, na njia kutoka barabarani hadi ofisini inapangwa mawe pande zote mbili, na mawe yanapakwa chokaa. Kuzunguka mlingoti wa bendera yanapangwa mengine kwa duara na kushindiliwa saruji. Kila mtoto anaagizwa mawe yake. Hakuna aliyewahi kutueleza mawe meupe yanamsaidia nini mgeni. Hata mimi nilipokuwa mtoto Lushoto nilibeba mawe, nikapaka chokaa, na mgeni hakuja.

Alhamisi ile, mimi nikiwa semina, ilitangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja Jumatatu. Watoto wakaagizwa mawe matano matano. Watoto wa penseli wakaambiwa wakae nyumbani mpaka mgeni aondoke. Ijumaa mawe yakapungua, na mwalimu wa zamu akachungulia darasani kwangu akayaona mengine, mazuri, ya mviringo, tayari yamekusanywa. Akaamuru yatolewe. Meza nayo ilihitajika nje kwa ajili ya kitambaa na maua, kwa hiyo kilichokuwa juu ya meza kilishushwa.

Nilifika Jumatatu alfajiri, kabla ya gwaride. Meza haikuwapo. Kanga yangu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya dirisha. Karatasi za majina zilikuwa zimefagiliwa pembeni zikawa chungu kimoja. Nikatoka nje, na njia yote ilikuwa inang'aa. Nilimwona kiranja wangu anakuja mbio. Akanieleza yote bila kupumua, akanielekeza kwa kidevu kwenye mlingoti. "Nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba lile si la shule, akaniambia nikachote maji ya saruji," akasema. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa bado sijalia.

Nilimfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Nataka kumtendea haki: alikuwa mtu mchapakazi, mwenyeji wa mkoa ule, aliyekuwa amejenga madarasa mawili kwa kuwabembeleza wazazi, na alitegemea mgeni yule angetupatia madawati. Alikuwa anapiga pasi suruali yake juu ya meza ya ofisi. Nikamweleza kwamba katika duara la bendera kuna jiwe la mtoto, aliloachiwa na marehemu baba yake, na lazima litolewe. Akaniambia tulizungumze baada ya mgeni. Nikamwambia mgeni hatatazama chini. Ndipo akaweka pasi akanitazama kama mtu anayesikitikia akili yangu.

"Mwalimu," akasema, "jiwe ni jiwe. Huyo mtoto wa kambini ataokota lingine."

Mtoto wa kambini. Hata hakuwa amepelekwa kambini bado.

Mgeni alikuja saa nne akaondoka saa nne na nusu. Alisifu usafi wa mazingira. Alipopita kwenye mlingoti alisimama kidogo, kiatu chake kikiwa karibu na mawe yetu, akamuuliza Mwalimu Mkuu kama shule inaelemewa na wakimbizi. Mwalimu Mkuu akajibu, hapana mheshimiwa, hapa tuna watoto wetu tu. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa na ukweli wote mdomoni, na nikanyamaza. Nikatazama chokaa. Watu huniuliza kwa nini nina ulimi mkali hivi uzeeni, na mimi huwajibu kwamba namalizia maneno niliyoyameza siku ile. Na chokaa yenyewe, bwana samaki aliniambia baadaye, wachomaji wa kwetu walikuwa wanaipata kwa kuchoma mawe hayohayo ya pwani. Tulikuwa tumechoma zamani yetu tukaisaga, ili tuipake zamani nyingine, ili mtu apite nusu saa.

Madawati hayakuja.

Jumanne watoto wa penseli walirudi. Msichana alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akanisalimia shikamoo, akanyoosha mikono yote miwili kupokea. Nikamwambia jiwe liko ofisini limefungiwa, aje kesho. Nilimdanganya mtoto usoni. Akaniambia sawa, lakini kesho iwe kesho kweli, kwa sababu wametangaziwa. Malori yangekuja Alhamisi kwenye uwanja wa mpira, na kila mkimbizi aliyekuwa akiishi mjini alitakiwa awepo na mizigo yake kwenda kambini. Shangazi yake alishaanza kufunga.

Sikulala vizuri. Jumatano wakati wa mapumziko akaja tena, na safari hii nilisema kweli. Nilimshika mkono nikamtoa nje hadi kwenye duara la bendera. Nikamweleza kwamba liko mojawapo ya haya, limeshikwa na saruji, na kosa ni langu kwa sababu niliondoka nikaliacha. Nilitarajia kilio. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Waliiweka chini, Mwalimu?"

Nikamwambia ndiyo.

Akapiga magoti akaanza kuzunguka duara lile, jiwe moja baada ya jingine. Yote yalikuwa meupe, huwezi kutofautisha. Alikuwa anapapasa kwa vidole kisha anakwaruza chokaa kwa ukucha wa gumba. Wenzake wakaanza kusogea. Kiranja wangu akapiga magoti upande wa pili, akaanza naye kukwaruza. Upande wa ofisini msichana wa ng'ambo akaacha kuzunguka. "Ni hii," akasema, na chini ya ukucha wake palikuwa na mwiba wa konokono.

Fundi aliyeshindilia saruji ile alikuwa bado yupo, anamalizia choo cha wavulana. Alikuwa mzee kutoka Simbo. Nikamwendea, shikamoo Mzee, nikamwomba nyundo na tindo. Akaniuliza ni za nini. Nikamwambia. Alisimama akimtazama yule mtoto aliyepiga magoti pale, akasema hakujua, kwamba yeye alipewa mawe akapanga mawe. Akanipa nyundo na tindo, kisha akaingia chooni kwake akaendelea na kazi, ili asiwe shahidi.

Sijawahi kuvunja saruji kabla wala baada ya siku hiyo. Niliegemeza tindo pembeni nikapiga. Gauni langu lilijaa chokaa. Bendera ilikuwa juu yangu inapepea, na watoto wote wa shule walikuwa wamesimama wima kama wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akaniambia kwa sauti ya chini niache mara moja, naharibu mali ya shule mbele ya wanafunzi, tena penye bendera. Nikamjibu bila kusimama, na nilijibu swali la mgeni wa Jumatatu na amri yake kwa pamoja: "Huyu pia ni mtoto wetu." Nikapiga tena, kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu ya hasira. Jiwe likapasuka katikati.

Nilisikia sauti ya kupasuka kwake mpaka kwenye meno. Saruji ilikuwa imara kuliko jiwe lenyewe. Nusu moja ikaruka mbele ya magoti ya msichana, nusu nyingine ikabaki palepale imeshikwa. Nikaacha nyundo. Nilikuwa nimechukua kitu pekee cha marehemu, kwanza nikakipoteza, halafu nikakivunja kwa mkono wangu, na sasa mtoto alikuwa anakitazama.

Aliokota ile nusu. Upande wa nje ulikuwa na chokaa, lakini akaigeuza kule kulikopasuka. Mle ndani, pembeni kidogo, alikuwamo konokono mmoja mzima, mweusi, msafi, anang'aa, ambaye hakuna jicho lililowahi kumwona tangu alipofukiwa. Msichana akamsogeza karibu na uso.

"Huyu hata baba hakumuonaka," akasema.

Akaifunga ile nusu kwenye kanga. Nilijaribu kuomba msamaha, maneno yakanitoka ovyo, naye akawa ananisikiliza kwa heshima kama anavyosikilizwa mtu mzima anayezungumza upuuzi. Kisha akaniambia chokaa itatoka, ataiosha huko watakakopata maji. Alhamisi asubuhi nilikwenda uwanja wa mpira kabla ya kipindi cha kwanza. Malori yalikuwa yameshapakia. Nilimwona juu, kati ya magodoro, furushi mapajani. Hakulishusha hata alipoinua mkono mmoja kunipungia.

Barua ya Mwalimu Mkuu ikaja wiki iliyofuata. Ilisema nimeharibu mawe ya mapambo ya shule na kuvunja nidhamu mbele ya wanafunzi, na nilitakiwa kujieleza kwa maandishi. Nilijieleza kwa kurasa mbili. Niliandika kwamba halikuwa jiwe la mapambo, kwamba lilikuwa kisukuku, nikaeleza maana ya kisukuku, na kwamba lilikuwa mali ya mwanafunzi wa darasa langu, nikataja jina lake lote, la kwake, la baba na la babu.

Maelezo yangu yalirudishwa yakiwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa wino mwekundu kando ya jina: Katika shule hii hakuna mwanafunzi wa jina hilo.

Nilikwenda kabatini nikatoa daftari la mahudhurio. Kweli, mahali pake palikuwa peupe, na pa wale watatu wengine. Mtu alikuwa amefuta vizuri sana, hakuacha hata unga wa raba. Nikalipeleka dirishani, nikaliinamisha kwenye mwanga wa jua la asubuhi, na hapo nikaona. Nilikuwa nimekandamiza sana siku ile ya kwanza. Penseli ilikuwa imeondoka lakini karatasi ilikuwa bado imebonyea, kila herufi mahali ilipolala.

Nikakaa kwenye dawati la mbele alilokuwa akikalia yule msichana. Nikachukua kalamu ya wino, nikafuata mabonyeo yale pole pole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka majina yote manne yakarudi. Kisha nikaita mahudhurio ya siku hiyo kwa sauti, wote, na ilipofika zamu ya jina lake aliyeitikia ni kiranja wangu. Alisimama akasema hayupo, Mwalimu, amehamishwa, nami nikaandika hivyo kwa wino.